Corolla ya zamani imechemsha, sasa haiwaki: anza kwa kusikiliza stata

Gari la zamani likichemsha kisha likagoma kuwaka, pembeni ya barabara hutolewa hukumu moja: gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, imeungua. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine belti ya altaneta imekatika, betri imeisha, na gasketi haina kosa lolote. Au koili, inayotengeneza umeme wa cheche, imekufa kwa joto wakati hedi ni nzima kabisa. Koili unaibadilisha mchana mmoja. Hedi inaweza kukulaza gereji wiki nzima. Haifai kubahatisha.

Nazungumzia hasa Corolla za miaka ya 1990, zile tunazoziita 100 na 110, zenye injini za 4A-FE na 5A-FE, maana bado zimejaa barabarani. Carina na Corona zenye injini za ukoo huo zinafuata njia ile ile. Kama gari lako ni la aina nyingine, vipimo vitatofautiana lakini mpangilio wa kufikiri ni huu huu: namna stata inavyozungusha injini ndiyo inayokuonyesha upande wa kuelekea. Ila usiipige bado.

Kabla ya kugusa ufunguo

Acha lipoe mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja na kuendelea kuushika. Kifuniko cha rejeta kinashikilia presha ya karibu bar 0.9, ndiyo maana maji ya ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua moto, presha inatoka na maji yanachemka hapo hapo, usoni kwako.

Usimwagie injini maji ya baridi, wala usiyajaze ndani ikiwa bado ya moto. Bloku ya injini hizi ni chuma, hedi ni alumini, na alumini hutanuka na kusinyaa kuliko chuma. Hedi iliyonusurika kwenye kuchemsha yenyewe inaweza kupasuka kwa huduma ya kwanza ya msamaria mwenye dumu.

Likishapoa, fungua boneti uangalie mambo matatu.

La kwanza, belti. Katika injini hizi belti inayozungusha altaneta ndiyo hiyo hiyo inayozungusha wota pampu. Kwa hiyo kumbuka: je, taa nyekundu ya betri iliwaka muda mfupi kabla geji ya joto haijapanda? Kama iliwaka, na belti haipo mahali pake au inaning'inia, umeshajua kwa nini gari lilichemsha, na pengine umeshajua kwa nini betri haina nguvu ya kuzungusha injini.

La pili, oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili iliyochanganyika na maji inakuwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Lakini tazama pia kiwango chake: kama oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, maji yameingia, hata kama rangi bado ni nyeusi. Maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukiona lolote kati ya hayo, usipige stata. Mambo ya nje ya injini hayana haja tena; gari livutwe.

La tatu, na ndilo watu wanaloliruka: maji yamekwenda wapi? Kama mpira umepasuka au chini kuna dimbwi, sawa, yametoka nje. Lakini kama rejeta imepungua sana na hakuna palipovuja, yachukulie kwamba yameingia ndani mpaka uthibitishe vinginevyo. Maji hayabanwi. Silinda ikiwa na maji juu ya pistoni, na stata ikalazimisha pistoni ipande, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshikilia pistoni. Ndiyo sababu nasema plagi zote nne zitolewe kwanza, kiunganishi cha umeme cha distribyuta (kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) kichomolewe, ndipo stata ipigwe kidogo huku watu wamesimama mbali na matundu ya plagi. Maji yakiruka nje, swali la gasketi au hedi limeshajibiwa. Yasiporuka, rudisha plagi na uendelee kwa amani.

Kwa sababu hiyo hiyo, gari la manyuo (gia za kubadilisha kwa mkono) lililochemsha lisisukumwe ili liwake kabla ya ukaguzi huu. Vijana sita wanaosukuma kuteremka mlima wana nguvu kuliko stata.

Na geji isikudanganye. Kihisio cha geji kinapima maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kurudi chini wakati injini inazidi kuungua. Dereva anayesema "ilipanda, halafu ikashuka yenyewe, nikaendelea" amekueleza historia mbaya kuliko anavyodhani.

Kimya, au "tik" peke yake

Washa taa kubwa kisha piga stata. Taa zikififia kabisa, betri imeisha au vichwa vyake vimelegea au vimeshika kutu. Pima kwa mita: betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi, na wakati stata inafanya kazi haipaswi kushuka chini ya 9.6 au karibu na hapo. Ukiazima umeme kwa gari jingine likazunguka vizuri, usishangilie mpaka uwe umeiona belti. Gari lisilo na belti litawaka, na litachemsha tena kabla hujafika mbali.

Taa zikibaki zinang'aa huku ukisikia "tik" tu, stata yenyewe ndiyo mshukiwa. Kontakti za shaba ndani yake huliwa kwa miaka, na joto humalizia kilichobaki. Likipoa inazunguka, likipata moto inagoma. Hakuna hata "tik"? Angalia fyuzi, na kwa gari la otomatiki jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Swichi ya gia inapochoka hukataa upande mmoja na kukubali mwingine.

Kuna sauti ya tatu inayofanana na hizi lakini ni ya hatari: stata inagonga mara moja, "du", na kusimama kama imekutana na ukuta. Hapo acha ufunguo. Weka gia huru, toa plagi, tia soketi ya namba 19 kwenye bolti ya puli ya chini ya injini, na uzungushe kwa mkono kufuata mwelekeo wa saa. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, injini haijanoki, yaani haijakwama. Kilichoizuia kilikuwa maji, au stata yenyewe. Isipozunguka kabisa hata plagi zikiwa nje, pistoni zimeshikana na silinda au beringi zimekwisha. Fundi atakayekuambia ataikomboa kwa kumimina mafuta ya dizeli kwenye silinda usiku kucha anaweza hata kufanikiwa kuizungusha. Lakini kuta za silinda zilizokwaruzwa hazirudi.

Inazunguka haraka, kwa wepesi usio wa kawaida

Anayeijua sauti ya gari lake hakosei hapa. Injini nzima, stata inapoizungusha, ina mapigo: inabana, inaachia, inabana. Mapigo yakipotea ikabaki mvumo mwepesi ulio sawa, silinda zote hazibani. Yakiwa na pengo, mara nzito mara nyepesi, silinda moja au mbili ndizo zilizopoteza.

Mvumo ulio sawa: kwanza tazama belti ya taimingi. Hakuna haja ya kufungua kava. Katika injini hizi distribyuta inazungushwa na kamshafti, nayo kamshafti inazungushwa na belti hiyo, kwa hiyo fungua kifuniko cha distribyuta na mwenzako apige stata kidogo. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, ikisimama tuli wakati injini inazunguka, belti imekatika au meno yake yamenyofoka. Habari njema ni kwamba 4A-FE na 5A-FE za kawaida hazigongani vali na pistoni belti ikikatika. Unafunga mpya na kuendelea. Belti hiyo inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari la mkononi mwa tatu au nne mara nyingi hakuna anayejua ilibadilishwa lini.

Rota ikizunguka, pima kompresheni, yaani mbano wa kila silinda. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa iingie, betri iwe na nguvu, na stata ipigwe mpaka mshale uache kupanda. Kwa 4A-FE, injini nzima inatoa karibu psi 190. Chini ya 142 ni kasoro, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Namba hizi zina maana zikisomwa pamoja. Silinda mbili zinazopakana, tuseme ya pili na ya tatu, zikiwa chini sana na nyingine ziko sawa: gasketi imeungua katikati yake. Moja peke yake chini: gasketi kuelekea njia ya maji, au vali imeungua. Zote nne chini kwa kiwango kinachokaribiana: ama belti imeruka jino, ama ringi zimelegea kwa joto. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda na upime tena. Zikipanda kwa kishindo, ni ringi. Zisipopanda, tafuta juu, kwenye hedi na belti.

Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na geji yake si ghali. Sielewi kwa nini hedi nyingi hufunguliwa bila kukifanya.

Inazunguka kawaida, lakini haishiki

Kama mapigo ni yale uliyoyazoea, jipe moyo. Injini inabana, na inawezekana sana tatizo ni umeme au mafuta.

Anza na cheche. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi, iguse chuma cha injini, na mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono. Cheche iwe ya bluu na yenye sauti. Ikikosekana, fikiria joto lilikopita. Katika Corolla nyingi za aina hii koili imo ndani ya distribyuta, na distribyuta imekaa ubavuni mwa hedi, jirani na pale maji ya moto yanapotokea kwenda rejeta. Mpira wa pale ukivuja, maji na mvuke vinaingia ndani ya kifuniko. Kifungue, kikaushe kwa kitambaa safi, tazama kama kuna nyufa nyembamba au mistari ya masizi. Kikiwa kikavu na bado hakuna cheche, inabaki koili au ignaita, kifaa cha umeme kinachoiendesha koili. Dalili yake ni ya kuchosha: gari linakaa saa nzima, linawaka kama halijawahi kuumwa, linapata moto, linazima. Mtu anakwambia ni mafuta machafu. Pima cheche likiwa limezima bado la moto, si kesho yake asubuhi.

Kompyuta ya injini nayo ina la kusema. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko cha kuinua, na chini ya kifuniko majina ya matundu yameandikwa. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini kwenye deshibodi. Ikimweka mfululizo kwa usawa, hakuna kasoro iliyohifadhiwa. Ikimweka moja, ikatulia, ikamweka mbili, hiyo ni 12: kompyuta haikupata taarifa ya mzunguko kutoka distribyuta. 14 ni taarifa ya ignaita. 22 ni sensa ya joto la maji.

Hiyo ya 22 inastahili maelezo zaidi, kwa sababu gari lililochemsha bila maji linaweza kuiua sensa hiyo. Si kile kihisio cha geji. Hii ni nyingine, yenye waya mbili, inayoiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani. Waya wake ukikatika kabisa, kompyuta hujifanya injini iko kwenye nyuzi 80 na gari la moto linaweza kuwaka. Tabu ni sensa inayosema uongo unaoaminika: injini ni ya moto, yenyewe inaripoti baridi, petroli inamwagwa kupita kiasi, na plagi zinalowa. Namba ya kasoro haionekani. Ipime kwa mita: kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kilo-omu 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 kati ya omu 200 na 400. Sufuria ya maji ya moto na kipimajoto vinatosha.

Kwa hiyo plagi ulizozitoa usizitupe pembeni, zisome. Iliyolowa na kunuka petroli inasema kuna mafuta mengi mno au hakuna cheche. Iliyolowa bila harufu hiyo imelowa maji. Na plagi moja iliyo safi kama mpya, nyeupe, wakati wenzake wana masizi, imekuwa ikioshwa na mvuke. Silinda yake inanyonya maji. Zilizolowa petroli zikaushe, kisha piga stata huku umekanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa ipite.

Plagi zikiwa kavu kabisa baada ya stata ndefu, petroli haifiki. Wengi hufungua swichi na kutega sikio nyuma wasikie pampu, wakiikosa wanasema imekufa. Katika Toyota za enzi hizi pampu haiungurumi kwa kufungua swichi tu. Inafanya kazi stata inapopigwa au injini inapozunguka. Rudi kwenye kile kiboksi, unganisha Fp na +B, fungua swichi, ndipo usikilize. Ikiunguruma hapo, tazama relei na fyuzi zake. Isipounguruma, pampu au waya wake. Magari ya kabureta, kama yale yenye injini ya 5K, yana ugonjwa wao: petroli inageuka mvuke ndani ya bomba lililopata joto na pampu inashindwa kuivuta. Hayo dawa yake ni kivuli na subira.

Inawaka lakini inatetemeka, na moshi mweupe

Mvuke kidogo asubuhi ya baridi ya Makete si kitu. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu kama gari lilikuwa na kulanti (dawa ya maji ya rejeta), ni maji yanayoungua ndani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, iwashe. Mapovu yanayokuja mfululizo kadiri unavyokanyaga mafuta ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini ya baridi, ni habari ile ile. Maji hayajapata muda wa kuleta presha hiyo. Gereji zenye kipimo cha maji ya bluu zitakiweka mdomoni mwa rejeta: yakigeuka njano, kuna gesi.

Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, peke yake, usikutishe. Gari la safari fupi fupi kwenye baridi hujikusanyia jasho pale. Tazama kijiti.

Kwa nini lilichemsha

Hata kama limewaka, swali hili linabaki. Uliza lilichemshia wapi. Kwenye foleni ya Ubungo, likiwa limesimama, halafu likipata upepo linashuka: feni. Zima AC, fungua swichi, chomoa kiunganishi cha swichi ya joto ya feni. Katika Corolla hizi feni inatakiwa kuzunguka ukikichomoa. Ikizunguka, mota, fyuzi na relei ni vizima, na kosa liko kwenye swichi au maji hayaifikii. Kuiunganisha feni izunguke moja kwa moja ni sawa kwa kukufikisha nyumbani.

Likichemshia mwendoni, hasa mlimani, rejeta imeziba, wota pampu imechoka, au kifuniko hakishiki presha. Kupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, kutoka bonde la Ruaha Mbuyuni, kunakusanya yote matatu: joto la bondeni, gia nzito, na mwinuko. Iringa iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kibovu ambacho Dar es Salaam kilikuwa kinakuvumilia, huko juu hakivumilii.

Kutoa thamostati, vali inayofungulia maji injini ikipata joto, hakuponyi rejeta iliyoziba. Ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na ikiwa nzima haizuii maji ya moto kupita. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar es Salaam, ndiyo yanayojenga magamba ndani ya rejeta. Tumia kulanti, au angalau maji yasiyo na chumvi.

Ikithibitika ni hedi

Kubadilisha gasketi bila kupima hedi ni kulipa mara mbili. Mwambie fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka na fila geji mbele yako: upande wa bloku ukipinda zaidi ya milimita 0.05, hedi inakwenda kusawazishwa kwa mashine, na ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kusawazishwa, si baada. Bolti hulegezwa kuanzia nje kwenda ndani na kukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupima nguvu. Zile ndefu hukaa upande wa ekzosi na fupi upande wa hewa. Fundi asiyejua hilo mtafutie mwenzake.

Ukiona hedi imepasuka na kompresheni ya ringi nayo imekwenda, injini ya mtumba kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, inaweza kuwa hesabu nzuri zaidi. Ikague kwa kipimo kile kile cha kompresheni kabla ya kuilipia, ifungwe belti ya taimingi, sili za oili na thamostati mpya ikiwa bado iko chini, kwa sababu kazi ni rahisi hapo. Na kabla haijawashwa, rejeta ya zamani itolewe, ipimwe maji yanavyopita, na kama haisafishiki itupwe pamoja na kifuniko chake.